Kila Chombo Kina Neno Lake

Mazungumzo yetu na wajumbe wa nyumba kumi, vyama vya akina mama, madereva wa pikipiki na wafanyabiashara wa mipakani, Bwiza, Jumamosi baada ya kazi za pamoja



Tunawashukuru kwa kukubali kuketi nasi mkiwa bado na matope miguuni. Kazi yetu ya asubuhi ilikuwa kuzibua mitaro, na yale tuliyoyatoa humo mmeyaona wenyewe: chupa za plastiki, makopo yenye kutu, ndara zilizokatika na bidoni zilizopasuka. Tulipokuwa tukivirundika, mzee mmoja alisimama juu ya rundo lile, akainua bidoni moja iliyokuwa bado nzima, akatuambia: "Wanangu, hii si takataka. Ni kitu kilichokosa kazi." Akaondoka nayo kwenda kuiosha.

Neno la mzee huyo ndilo tutakalolifuata leo. Tulikuwa tumejiandaa kuzungumza nanyi juu ya ajali za majumbani, lakini tumeona kwamba ajali nyingi tunazoitiwa katika mitaa hii na kwenye vituo vya mpakani huanzia hapo hapo kwenye bidoni ya mzee: kitu cha kawaida kupewa kazi ya pili. Kazi hiyo ya pili yaweza kuokoa roho, na yaweza pia kuitoa.

Hatukuja kuwafundisha kuweka akiba. Bwiza na jirani yake Buyenzi ni walimu wa jambo hilo. Ni nani kati yetu hajapikia mbabura iliyofuliwa na mafundi wa bati? Ni mama gani hapa hapimi unga au maharagwe kwa kopo lililoingia nyumbani likiwa na maziwa ya unga? Tairi lililochakaa likakatwa likawa viatu. Kitenge kilichopauka kikawa mbeleko, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, kisha tambara la kupigia sakafu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumelishika agizo hilo. Tangu amri ya Agosti 2018 ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, na muda wa kujiandaa wa miezi 18 ulipokwisha mwaka 2020, tumerudi kwa heshima kwenye vikapu na majani ya mgomba ambavyo bibi zetu hawakuwa wameviacha kamwe.

Tunachokuja kukisema ni kidogo, nacho ni hiki: kila chombo kina neno lake. Chupa ya maji humwambia anayeiona, "kunywa." Kopo la maziwa husema, "mpe mtoto." Kengele husema, "njooni." Mwenye chombo aweza kubadilisha kilichomo ndani, lakini lile neno la kwanza hubaki limeandikwa juu yake, na wanaolisoma kwa haraka zaidi ni watoto, wageni na wale wanaotafuta kitu gizani.

Mtoto na chupa

Tuwasimulie jambo moja. Hatutataja jina wala mtaa, kwa kuwa wenyewe wanaishi miongoni mwetu.

Ilikuwa katika siku za uhaba wa mafuta, siku ambazo kila mmoja wetu anazijua: foleni za magari zikilala vituoni, na dereva wa pikipiki akipata lita moja anaibeba kama yai. Baba mmoja, dereva wa pikipiki, alipata petroli kidogo. Akaitia katika chupa mbili za maji ya dukani, akazifunga kwa nguvu, akazificha chini ya kitanda ili wezi wasizione. Baba yule hakuwa mzembe. Alikuwa akitunza chakula cha familia yake cha kesho.

Saa tisa mchana mtoto wake wa miaka minne aliingia kutoka kucheza, ana kiu, mpira wake ukaingia uvunguni. Akainama kuufuata, akaikuta chupa. Nayo chupa ikamwambia neno lake la kwanza.

Mtoto alimeza funda moja, akaanza kukohoa. Bibi yake, kwa mapenzi na kwa mazoea ya siku nyingi, alikimbilia maziwa na mafuta ya mawese ili amtapishe. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi hospitalini alimshika mkono: "Mama, usimtapishe." Wakampeleka hospitali mbio, chupa ile wakiwa nayo mkononi. Mtoto alilazwa siku nyingi akihema kwa taabu, lakini leo yu hai. Baba yake alipotusimulia hakulia. Alirudia tu mara nyingi: "Niliifunga vizuri. Niliifunga vizuri kabisa."

Tunaomba mlishike alilolisema jirani yule, maana ni kinyume cha mazoea ya wengi wetu. Mtu akimeza petroli, mafuta ya taa au mazuti, asitapishwe. Asipewe maziwa wala mawese ili atapike. Mafuta hayo yakipanda tena kooni huingia katika mapafu, na hatari kubwa iko mapafuni kuliko tumboni. Mvueni nguo zilizolowa mafuta, mfuteni mdomo, mkimbizeni hospitali hata kama anaonekana mzima, na mchukue ile chupa mkamwoneshe daktari.

Hatukuja leo kukamata chupa ya mtu. Sheria juu ya biashara ya mafuta ya magendo ipo, nanyi mnaijua. Siku yake tutaizungumza. Leo tunazungumza na mtu ambaye ana mafuta kidogo ya kazi yake na mtoto mwenye kiu. Mtu huyo tunamwambia mambo matatu. Kwanza, mafuta yasikae kamwe katika chupa ya maji, ya soda wala ya juisi. Pili, yasilale katika chumba wanacholala watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hautoki dirishani kama moshi, bali hutambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, ukaifuata mbabura iliyo chumba cha pili. Tatu, bidoni iliyobeba mafuta ipigwe alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mkono wa bidoni chatosha, mradi nyumba kumi nzima ikubaliane kwamba chekundu maana yake ni hatari.

Maneno hayo hayo yawafikie ndugu zetu wakulima wa bonde la Imbo, wa mpunga na wa pamba. Bidoni ya dawa ya kuulia wadudu haioshwi ikawa safi. Waweza kuisugua kwa mchanga, kwa sabuni na kwa maji ya moto. Sumu imekwisha kuingia katika plastiki yenyewe. Isibebe maji ya kunywa, wala mawese, wala maziwa, wala pombe ya ndizi. Itobolewe kwa msumari ili hata yule atakayeiokota asiweze kuitumia. Hiyo ndiyo bidoni pekee ambayo mzee wetu wa asubuhi tungemwomba airudishe kwenye rundo.

Maji, kipindupindu na vitu vya jikoni

Sasa tugeukie upande wa heri, maana huko ndiko kwenye mengi.

Mwanzoni mwa Januari 2023 serikali yetu ilitangaza mlipuko wa kipindupindu hapa Bujumbura, na ugonjwa huo hauombi hati ya kusafiria: huvuka ziwa na mto pamoja na watu. Zipo silaha nne ambazo kila nyumba tayari inazo.

Ya kwanza ni bidoni ya lita 5. Katika miaka ya 1980 nchini Zimbabwe walianza kutumia kibuyu kilichoning'inizwa ili kunawia mikono kwa maji kidogo sana. Jirani zetu Wakenya na Watanzania wanakiita kibuyu chirizi, na leo badala ya kibuyu wanatumia bidoni. Simika miti miwili yenye panda, laza mti wa tatu juu yake, uning'inize bidoni hapo kwa mkono wake. Pasha msumari moto, utoboe tundu dogo karibu na mdomo. Funga kamba shingoni mwa bidoni, na upande wa pili wa kamba ufunge kijiti cha kukanyagia kwa mguu. Ukikanyaga, bidoni inainama, maji yanachirizika. Ukiondoa mguu, yanakatika. Mkono mchafu haugusi chochote. Sabuni itungwe kwa uzi kando yake, na juu ya sabuni ufunike kopo tupu la nyanya ili mvua isiiyeyushe. Tungependa kukiona kimoja kando ya kila choo cha Bwiza.

Ya pili ni kitambaa cha pamba. Nchini Bangladesh wanawake walifundishwa kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mikunjo minne au zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kwamba vijiji vilivyofanya hivyo vilipunguza wagonjwa wa kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu viumbe wadogo wanaobeba vijidudu hivyo hunaswa katika nyuzi. Kitambaa kilichochakaa huchuja vizuri kuliko kipya, kwa kuwa nyuzi zake zimevimba na matundu yake yamebana. Kitenge chako cha zamani cha pamba ni hicho hicho. Tuelewane lakini: mama mwenye kuni au klorini achuje kisha achemshe au atie dawa. Kuchuja peke yake ni kwa asiye na kingine.

Ya tatu ni chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2. Mtaalamu Aftim Acra na wenzake huko Beirut, Lebanon, walionesha miaka zaidi ya 40 iliyopita kwamba jua huua vijidudu ndani ya maji. Jaza maji meupe yasiyo na tope, funga, laza chupa juu ya bati kwa saa sita za jua kali; mawingu yakitanda, iache siku mbili. Maji yakiwa na tope jua halipenyi, kwa hiyo yachuje kwanza. Na hapa turudie neno letu: chupa iwe ile iliyokuwa na maji ya kunywa tangu mwanzo, wala si ile ya baba wa pikipiki.

Ya nne ni chupa ya lita moja pamoja na kijiko cha chai. Mtu akishaanza kuharisha, kinachomuua ni kukaukiwa na maji. Kama dawa ya kituo cha afya haijapatikana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi hutengeneza kinywaji cha kumshikilia njiani. Chumvi isizidi hapo. Mnyweshe kidogo kidogo, na safari ya kwenda hospitali isisimame.

Moto

Wengi wenu mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea. Tulisimama pamoja nanyi siku ile tukitazama mali ya maelfu ya watu ikigeuka majivu. Moto mkubwa namna ile hauzimwi kwa blanketi. Lakini kila moto mkubwa ulikuwa mdogo kwanza, na katika dakika zile za kwanza gari la zima moto halijafika. Aliyepo ni wewe na vitu vyako.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwagie maji: yataruka pamoja na ndimi za moto hadi usoni. Chukua mfuniko wa sufuria, au sinia, ufunike, uondoe makaa, uache hadi papoe. Petroli ikiwaka sakafuni, tupa mchanga. Nguo ya mtu ikishika moto, mwangushe chini, mfunike kwa blanketi nzito, umviringishe. Jeraha la moto limwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mawese na unga havina kazi hapo, ijapokuwa tumevikuta mara nyingi juu ya ngozi ya watoto.

Hapa na sisi tukiri letu. Katika kituo kimoja tulichowahi kufanyia kazi, palikuwa na ndoo mbili za mchanga zimewekwa mlangoni kwa ajili ya moto. Mmoja wetu alizimia sigara humo, wa pili akafuata, kisha watoto wa jirani wakachota mchanga wakajengee. Siku nyaya ziliposhika moto ofisini tulikimbilia ndoo, tukakuta vichungi vya sigara na maganda ya njugu. Tuliuzima moto ule kwa mchanga wa barabarani tuliouchota kwa kofia zetu. Tangu siku hiyo tunajua kwamba hata kitu kilichowekwa kuokoa chaweza kunyang'anywa kazi yake bila mtu kugundua. Kikague cha kwako kila mwezi.

Tena, mbabura. Hapa Bujumbura joto linatutosha, lakini mna ndugu Bugarama, Kayanza na Mwaro ambako usiku ni baridi, na wengine huingiza mbabura ya makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, ili walale kwa joto. Jiko limepewa kazi ya pili ya blanketi. Makaa hayo hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki. Ukisafiri kwenda huko, beba ujumbe huu kama unavyobeba ndagala.

Mafuriko

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 maji ya mvua yaliteremka kutoka milimani, yakaua makumi ya watu upande wa kaskazini wa mji wetu. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, na maelfu ya watu wakahama. Ndugu zetu wa Gatumba mliopo hapa mnajua kuliko sisi kwamba maji hayabishi hodi.

Bidoni tupu ya lita 20, iliyofungwa kifuniko kikazibana, inaweza kumshikilia mtu mzima kichwa chake kikiwa juu ya maji. Weka moja karibu na mlango wakati wa masika, na mkono wake ufungwe kamba ndefu. Ukimwona mtu anazama, usimrukie. Wengi waliozama walikuwa waokoaji. Mtupie bidoni, ushike kamba. Kama kamba hakuna, vitenge viwili vitatu vilivyofungwa fundo la nguvu vinatosha kumfikia aliye karibu na ukingo.

Lakini bidoni ni ya kuokolea, haikuwa mtumbwi. Tunasema hivi kwa vijana wanaovuka Rusizi usiku wakikumbatia bidoni ili wakwepe kituo cha mpakani. Mto ule una mikondo, una viboko, na una mamba ambao sifa za mmoja wao, aliyepewa jina la Gustave, zimezunguka dunia. Bidoni haimtishi mamba. Njia ya kituoni ina foleni, ina maswali, na pengine ina kero zake ambazo tuko tayari kuzisikiliza. Hata hivyo, aliyepita njia hiyo hufika nyumbani.

Jambo dogo lenye faida kubwa: nyaraka. Karangamuntu, cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, kadi ya chanjo ya mtoto. Tumewahi kukaa na familia ambazo maji yalichukua kila karatasi yao, na mtu wa mpakani asiye na karatasi huteseka mara mbili. Tafuta chombo cha plastiki chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, kile kilichokuwa na kahawa au siagi ya karanga. Kioshe, kikauke kabisa, tia nyaraka pamoja na vipande viwili vya makaa baridi ndani ya kitambaa ili vinyonye unyevu. Kikianguka majini, kitaelea.

Kengele

Shule nyingi za pande zetu, hapa, Uvira na hata Kigoma, kengele yake ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Huo ni ubunifu mwema. Katika nyumba kumi, rimu moja au hata sufuria kuukuu yatosha kuita majirani: mapigo ya haraka yasiyokatika yawe ya moto, mapigo matatu matatu yawe ya mwizi au mgonjwa wa usiku. Kubalianeni wenyewe, mtujulishe nasi. Mjane anayeishi peke yake na afunge makopo mawili kwa uzi nyuma ya mlango wake wa uani; atakayeusukuma usiku atajitangaza mwenyewe.

Lakini sikilizeni habari hii. Mwaka 2012 iliripotiwa kutoka magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Congo, kwamba watu waliokwenda kufundisha juu ya hatari ya mabomu walikuta shule ambayo kengele yake ilikuwa bomu lisilolipuka. Lilikuwa limening'inizwa vizuri, likipigwa kwa jiwe kuwaita watoto darasani. Aliyelitundika hakuwa mwovu. Aliona chuma kizuri chenye mlio mzuri, akakipa kazi.

Ndugu zetu, nchi yetu na nchi jirani zimepitia vita. Chuma kilicholala ardhini hakizeeki kama sisi. Guruneti yenye kutu hufanana na kufuli, hufanana na jiwe la mizani, hufanana na mchezo. Wanaokusanya vyuma chakavu, wanaochimba mchanga, wanaolima karibu na misitu na mabonde ya mpakani: mkikuta chuma msichokijua, msikiguse, msikisogeze, msikitupie jiwe, wala msikitumbukize majini. Wekeni alama kwa mbali, zuieni watoto, mtuite. Atakayetuletea taarifa hataulizwa kana kwamba bomu ni lake. Tumelisema hili mbele ya wakubwa wetu, nasi tunalirudia mbele yenu.

Mpakani

Mwisho tufike Gatumba, kwenye njia ya Uvira, na Kobero, kwenye njia ya Tanzania. Chombo kilichobadilishiwa kazi kinajulikana pia na wahalifu. Wanajua kwamba kopo la maziwa linasema "mtoto," na kwamba mama aliyebeba mtoto mgongoni haonekani kuwa na hatia. Ndiyo maana mtu usiyemjua hukujia kwa adabu: "Dada, nisaidie kopo hili umfikishie shangazi yangu pale ng'ambo." Ukikuta limefungwa upya kwa gundi, au ni zito kuliko linavyostahili, wewe ndiwe utakayeulizwa, maana sheria humtazama kwanza aliyeshika.

Jibu lake ni jepesi na halina ugomvi: "Kaka, tulifungue pamoja, nione, ndipo nibebe." Mwenye nia njema atalifungua. Mwenye nia nyingine atakumbuka kwamba ana safari kwingine. Nasi tukifungua vyombo vyenu kituoni, msituone wakorofi. Tunatafuta neno la pili lililofichwa nyuma ya neno la kwanza.

Maswali matatu

Kwa hiyo, kabla ya kukipa chombo kazi ya pili, tujiulize maswali matatu, na tuwafundishe watoto kujiuliza. Kilibeba nini kabla hakijafika kwangu? Mtoto, mgeni au mtu wa gizani akikiona, kitamwambia nini? Na kikishindwa katika kazi hii mpya, nani ataumia?

Bidoni ya mawese iliyooshwa ikawa ya kunawia mikono inayapita maswali yote matatu. Chupa ya maji iliyotiwa petroli inaanguka kwenye la pili. Bomu lililogeuzwa kengele linaanguka kwenye yote.

Ombi letu ni moja. Mkirudi nyumbani jioni hii, kabla ya chakula, kila mmoja apite katika nyumba yake akainame, atazame chini ya kitanda, nyuma ya mlango na juu ya kabati. Kila chombo kinachosema uongo, akibadilishe leo. Wajumbe wa nyumba kumi watatuletea Jumamosi ijayo orodha ya mambo mawili tu: hatari zilizoondolewa, na ubunifu mwema mliouona kwa jirani ambao sisi hatujaujua. Hii ya pili tunaisubiri kwa hamu zaidi. Tutauandika katika jarida hili ili na wa Kobero wafaidike na wa Bwiza.

Mzee wetu wa asubuhi amerudi, tunamwona pale nyuma. Bidoni yake imekwisha toboka tundu moja dogo, na kamba iko shingoni. Mzee, twende tukaifunge pamoja karibu na choo cha soko, ipate kazi yake.